Mashuka ya Jumamosi

Mashine haikuwa ya Kasoki wala ya Précieuse. Ilikuwa ya mwenye nyumba, Madame Marie-Claire, bibi wa Kibelgiji aliyezeekea katika nyumba ile nyembamba nyuma ya barabara ya Chaussée de Wavre, Brussels. Miguu ilipomkatalia kupanda ngazi alihamia kwa binti yake katika mji wa Ostende, na wapangaji wake akawaachia kila kilichokuwa katika chumba cha chini ya ardhi: ndoo kuukuu, beseni mbili kubwa za bati, na mashine ya kufulia aliyoinunua, kwa maneno yake mwenyewe, mwaka alioolewa.

Lilikuwa pipa jeupe la chuma juu ya miguu minne. Ndani yake mlikuwa na mabawa yaliyosukasuka nguo huku na huku, na juu kilisimama kikamulio: rola mbili za mpira zilizobanana, zikizunguka pamoja. Unaingiza nguo inayochuruzika maji upande huu, inatokea upande wa pili bapa kama chapati, karibu kavu. Pembeni kulikuwa na gia ya kuzipeleka rola mbele, kuzisimamisha au kuzirudisha nyuma. Juu kabisa kulikuwa na kifyatuo, kipande cha chuma ambacho ukikipiga kwa kiganja rola zinaachana papo hapo.

Siku chache kabla ya kuondoka, bibi yule aliwaita wanawake wawili wa nyumba ile akawaonyesha kila kitu. Kifaransa chake kilikuwa cha haraka, lakini alipofika kwenye rola alisema polepole kama anayesali. Vidole visiifuate nguo. Na mtu akinaswa, asivutwe kamwe. Piga kifyatuo kwanza, mengine baadaye. Aliwahi kuwa na binamu aliyevutwa na watu waliomhurumia, akasema, kisha akaupitisha mkono mmoja juu ya mwingine, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kucha, kama mtu anayevua glavu. Hakueleza zaidi, nao hawakuuliza.

Kasoki alikuwa mtu wa Butembo, mashariki ya Kongo. Alikaa ghorofa ya pili na mumewe Rigobert, fundi wa magari katika gereji moja kule Molenbeek, karibu na mfereji. Yeye mwenyewe alikuwa akisafisha maofisi ya Porte de Namur alfajiri, wenye maofisi wakiwa bado wamelala. Précieuse alikaa chini, peke yake. Alikuwa Mnyamulenge wa Uvira, yaani Mtutsi wa Kongo, mdogo kwa Kasoki kwa miaka kama kumi, mpole wa maneno, mtandika vitanda katika hoteli moja karibu na stesheni ya Midi. Mwanzoni walikuwa wakisalimiana mlangoni tu. Mashine ndiyo iliyowakutanisha, kwa sababu shuka la kitanda kikubwa haliwezwi na mtu mmoja. Ukilisukuma peke yako linajiviringisha kwenye rola kama nyoka kwenye tawi, na utakesha ukilifungua. Mmoja alishe, mwingine apokee.

Basi kila Jumamosi walishuka. Walichemsha maji kwenye masufuria makubwa, wakakwangua sabuni ya mche kwa kisu, wakaanza na nguo nyeupe, halafu za rangi katika maji yaleyale, na mwisho matambara ya sakafu. Walipenda kuona. Kule kwenye mashine za sarafu za mtaani, Kasoki alikuwa akisema, nguo unaifungia kama mfungwa, na unaporudishiwa hujui ilifanyiwa nini. Hapa uchafu ulitoka mbele ya macho yao, maji yakageuka rangi ya chai, kisha ya kahawa. Kadirisha kalichokuwa usawa wa barabara kaliwaonyesha viatu vya wapita njia, nao wakawa wakibuni mwenye viatu anakwenda kwa nani na amekosana na nani. Walicheka mpaka Kasoki akashika mbavu. Wakichoka kucheka waliimba nyimbo za kanisani, Kasoki chini, Précieuse juu, mota ikiwashikia mdundo.

Rigobert aliwatania, akimwonyesha mkewe kwa kidole. "Tumefika Ulaya yote hii, na bibi yangu anafula na machine ya wakati ya wakoloni!" Lakini kola za mashati yake zilikuwa nyeupe kuliko za mtu yeyote pale gereji, na Précieuse akimwita shemeji, kama alivyomwita Kasoki yaya, dada mkubwa, aliitikia kwa furaha.

Halafu ikaja Agosti ya mwaka tisini na nane, na vita vikaanza tena Kongo.

Mdogo wake Rigobert, Noé, alikuwa mfanyabiashara Butembo. Habari za mwisho zilisema yuko njiani na lori la bidhaa kuelekea Kisangani, kisha simu zikafa. Kila siku redio ilileta jambo. Kinshasa Watutsi walikuwa wakitafutwa kwa sura za nyuso zao. Kivu wengine walikuwa wakiwakimbia waasi wenye bunduki, ambao miongoni mwao walikuwamo Wanyamulenge, wakiacha chungu jikoni. Na Brussels, katika maduka ya Waafrika ya Galerie d'Ixelles, watu waliokuwa wakinunua samaki wa chumvi duka moja na kusukwa nywele saluni moja walianza kutazamana pua na paji la uso. Rigobert alikuwa akipitia kule kila akitoka kazini. Alikuwa akirudi nyumbani na maneno ambayo Kasoki hakuwahi kuyasikia kinywani mwake.

"Sitaki nikuone tena mu cave, kule chini, na ule mwanamuke," alimwambia jioni moja, kabla hata ya kuvua koti.

"Ule mwanamuke ana jina."

"Jina, ndiyo. Ndugu zake pia wako na majina. Na Noé? Noé iko wapi?"

Kasoki aligeukia jiko akakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo haikuhitaji kukorogwa. Swali lile lilikuwa limeshaingia ndani yake siku nyingi, na lilipoulizwa kwa sauti aliona limekaa mahali pake, kama mgeni aliyezoea nyumba.

Akaanza kufua katikati ya wiki, peke yake. Mashuka yalimshinda. Aliyakamua kwa mkono, akayaanika yakidondosha maji kwenye ngazi. Jumamosi aliisikia mota ikiunguruma kule chini, chini ya miguu yake, halafu ikikatika, halafu ikiunguruma tena, akajua kwamba Précieuse naye anashindana na shuka. Walipokutana mlangoni waliambiana "Jambo, yaya," "Jambo," kila mmoja akitafuta funguo ambazo tayari zilikuwa mkononi.

Jumamosi moja ya Septemba Rigobert aliitwa gereji. Mlango ulipofungwa nyuma yake, Kasoki alichukua kapu la nguo akashuka. Hakujiambia anashuka kwa nini. Alimkuta Précieuse ameinama juu ya kikamulio, kilemba kimemlegea, akijaribu kulivua shuka lililojiviringisha kwenye rola. Précieuse aliposikia hatua alisimama wima.

"Yaya. Nipatie dakika kidogo, nitatoka."

"Baki," alisema Kasoki, akaweka kapu chini.

Akazunguka upande wa kupokelea, pale ilipo gia. Akairudisha nyuma, shuka likajifungua, akaipeleka mbele. Précieuse akalisha. Shuka la kwanza likapita, wakalikunja, la pili likapita. Hakuna aliyeimba. Viatu vilipita dirishani na hakuna aliyevisemea kitu.

"Mulipata habari ya Noé?" Précieuse aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana."

"Hata miye, habari ya mama yangu. Tangu mwezi wa munane, hakuna kitu. Simu inalia tu."

Kasoki alikuwa na neno mdomoni. Alilibana kwa meno, likamponyoka hata hivyo.

"Si ndugu zako njo wako na nguvu kule sasa? Watamulinda."

Précieuse aliacha kulisha. Rola zilizunguka tupu.

"Ndugu zangu gani, yaya? Miye nilikuwa na kaka moja. Alikufa ku Bukavu, na weye ulikuya hapa ku matanga yake. Ulipika."

Ni kweli, alikuwa amepika. Alikuwa amelala sakafuni kwa Précieuse siku zote za msiba, amemshika kichwa. Kasoki aliona haya, na haya ile ikamtia hasira, na hasira haikupata pa kwenda. "Alors, lete ile ingine," alisema kwa ukali kuliko alivyotaka. Précieuse akachota foronya ndani ya pipa, akaisogeza pembe yake kwenye rola.

Hapo ndipo mlango wa juu ulipofunguliwa kwa kishindo.

Gereji ilikuwa imefungwa mapema. Rigobert alirudi na rafiki yake Héritier, mwenye gari, na alipoingia tu alisikia mota na sauti mbili. Aliteremka ngazi kama gunia la mawe linavyoteremka.

"Kasoki!"

Précieuse aligeuza uso kutazama ngazi. Mkono wake haukugeuka. Uliendelea na foronya. Vidole viliifuata nguo.

Hakupiga kelele mara moja. Kwanza alivuta pumzi kwa mshangao, kama aliyeguswa na maji baridi, kisha ikamtoka sauti ambayo Kasoki hakuwahi kuisikia kwake. Vidole vilikuwa vimepotea. Rola zilikuwa zimepanuka kidogo, zikizunguka bila haraka, bila hasira, zikiumeza mkono kama zilivyomeza foronya. Vifundo vikaingia, kiganja kikafuata.

Kasoki aliuona mkono ukija upande wake. Aliona kucha za Précieuse zikitokea kati ya mipira, nyeupe, zimebanwa. Gia ilikuwa kando ya kiuno chake. Kifyatuo kilikuwa mbele ya pua yake. Alikijua. Mikono yake ilikuwa mitupu, haijashika kitu, nayo ilining'inia tu. Aliinua macho akakuta macho ya Précieuse yamemtazama yeye, yeye tu.

Akabaki amesimama.

Aliyekwenda mbio alikuwa Rigobert. Mashine hakuijua, kifyatuo hakukijua, lakini umeme aliujua. Aliruka beseni, akateleza kwenye maji ya sabuni, akaukamata waya ukutani akaung'oa. Mota ikafa. Rola zikasimama zikiwa zimeubana mkono kwenye kifundo. Précieuse akaanza kujivuta, na Héritier, aliyekuwa amefika, akamkamata kiunoni amsaidie kuvuta.

"Usimuvute!" Kasoki alipiga ukelele, na kwa ukelele huo mwili wake ukamrudia. Akapiga kifyatuo kwa kiganja kwa nguvu zake zote. Chuma kikaruka, rola zikaachana, na mkono ukaanguka nje, mwekundu, umevimba, vidole viwili vimeelekea kusikokuwa kwake.

Rigobert alivua koti lake la kazi akamfunika Précieuse mabegani. Alimnyanyua jinsi alivyo, na nguo zake zilizolowa, akapanda naye ngazi, Héritier akitangulia kufungua gari. Kasoki alifuata nyuma ameshika kilemba kilichoanguka.

Hospitali haikuwa mbali. Muuguzi alipouliza imekuwaje, Précieuse alimtazama Kasoki kwanza, halafu akajibu kwa Kifaransa kwamba ni mashine, "C'est la machine." Muuguzi aliandika hivyo, akamwingiza ndani. Kasoki alipotaka kufuata, Précieuse alitikisa kichwa. Mlango ukafungwa.

Nje mvua ilikuwa imeanza, mvua nyepesi isiyoisha. Héritier alikuwa garini akivuta sigara. Rigobert alisimama ukutani bila koti, shati lake limelowa maji ya sabuni.

"Kasoki. Niliona."

"Uliona nini?"

"Ulisimama. Mukono ilikuwa inaingia na weye ulisimama unaangalia. Weye ulikuwa karibu. Miye nilitoka ku ngazi."

"Nilishituka."

"Ulishituka ao ulitaka?"

Kasoki alikuwa ameshajiuliza hivyo tangu garini, na kila alipojiuliza alikuta mahali patupu. Hakukuwa na chuki pale alipopatafuta, wala hakukuwa na huruma. Palikuwa na mtu aliyesimama akitazama. Alimgeukia mumewe, na sauti yake ikatoka chini sana.

"Weye njo uniambie, Rigobert. Kila jioni ulikuwa unakuya na yale maneno, unayamwanga mu sahani yangu. Leo unaniuliza yalifika wapi?"

Rigobert alikuwa mtu mkubwa, wa sauti kubwa, na Kasoki hakuwahi kumwona akimwogopa mtu. Sasa alikuwa akimtazama mkewe kama unavyomtazama mbwa wako mwenyewe aliyekuonyesha meno. Tangu siku ile hakupita tena Galerie d'Ixelles akitoka kazini, na redio alikuwa akiisikiliza kwa sauti ya chini.

Lakini Héritier alipita. Wiki iliyofuata Kasoki alikuwa amekaa saluni kwa Maman Priscille, pale pale Galerie, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, wanawake wengine wakingoja zamu. Maman Priscille alimwinamia sikioni, lakini kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Bravo, maman. Wanaume wanapiga kelele mu café, na weye umefanya kazi."

"Kazi gani?"

"Aa! Héritier alituambia. Ule wa Uvira. Mukono yote, kraa!" Akafunga ngumi kuonyesha. Mmoja wa wanawake alicheka. Mwingine alisema, "Waonje kidogo."

Kasoki aliwatazama kwenye kioo mmoja mmoja. Aliwajua wote, walikuwa wanawake wema, waliochangia harusi na misiba, na wawili kati yao walikula sombe ile aliyoipika kwenye matanga ya kaka yake Précieuse. Akausukuma mkono wa Maman Priscille, akasimama.

"Ule mutoto vidole yake mbili imevunjika. Anatandika vitanda, njo kazi yake. Miye sikufanya kitu, munasikia? Niliona muntu anaumia na nikasimama. Kama munataka kunisifu, munisifu juu ya woga."

"Maman Kasoki, kaa, tumalize kichwa..."

Hakukaa. Alitoka Galerie na nywele zake nusu, akapanda Chaussée de Wavre mchana kweupe. Watu walimgeukia. Vijana waliokuwa wamesimama kwenye kituo cha basi walimpigia mluzi. Hakufunika kichwa. Aliona imempasa atembee hivyo mpaka nyumbani, na alitembea.

Précieuse hakumfungulia mlango. Kasoki aligonga siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Alisikia hatua ndani, zikija karibu, zikisimama upande wa pili wa ubao, zikirudi. Akaanza kuacha chakula kizingitini: maharagwe, wali, ndizi za kupika. Asubuhi alikuta sufuria imeoshwa, imefunikwa, haina salamu. Nguo za Précieuse zilikuwa hazionekani kokote. Kama alikuwa akifua kwa mkono mmoja ndani ya karo la jikoni, hakuna aliyejua.

Mwishoni mwa Oktoba simu ililia juu kwao. Ilikuwa Noé. Lori na bidhaa vilikuwa vimechukuliwa njiani, yeye alitembea porini na wenzake, akarudi nyuma, akavukia Kasindi hadi Uganda, na sasa alikuwa Kampala amekonda lakini mzima. Rigobert aliposhusha simu alikaa kwenye ngazi akalia bila kujificha. Kisha, mbele ya Kasoki, aliinuka akashuka mpaka mlango wa Précieuse. Alisimama pale kitambo akijipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Précieuse," aliuambia mlango. "Noé alipiga simu. Iko mu Kampala."

Sauti ndogo ikajibu, karibu kabisa na mlango.

"Mungu asifiwe, papa Rigobert."

"Na mama yako?"

"Bado."

Alingoja. Labda alingoja kufunguliwa, labda kuitwa shemeji. Hakufunguliwa. Akasema, "Bon. Tunaomba," akapanda ngazi polepole, na Kasoki akampisha bila kumwangalia usoni.

Jumamosi moja ya Novemba, Kasoki akiwa bado na kikombe cha kahawa mkononi, mota iliunguruma chini ya miguu yao. Yeye na Rigobert walitazamana. Rigobert ndiye aliyekwenda chumbani, akavua mashuka ya kitanda chao, akayaweka kapuni. "Nenda," alisema.

Précieuse alikuwa amevaa aproni. Plasta ilikuwa imetolewa, na mkono wa kulia ulionekana mwembamba, wa rangi ya ugonjwa, vidole viwili vimenyooka bila kukunjika kama vya mtu anayeonyesha njia. Kikamulio kilikuwa kinazunguka. Safari hii alikuwa amesimama upande wa kupokelea.

"Jambo, yaya."

"Jambo, mudogo wangu."

Kasoki aliweka kapu chini. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Septemba, ameyapanga na kuyapangua, na sasa hakukuwa na hata moja lililofaa. Précieuse alimwahi.

"Ile siku, sikuwa naangalia mukono yangu. Nilikuwa nakuangalia weye. Nilikuwa najiuliza, yaya atafanya nini."

Kasoki angeweza kusema alishtuka. Ndivyo alivyomwambia Rigobert, na huenda ilikuwa kweli.

"Hata miye," alisema. "Nilikuwa najiuliza vilevile."

Précieuse alimtazama. Kasoki alifikiri atafukuzwa, au atatemewa mate, na alijua asingejikinga. Mabawa yalisukasuka nguo ndani ya pipa, huku na huku. Juu, kwenye dirisha, mtu mwenye buti alipita akimburuta mbwa asiyetaka kwenda.

"Mama yangu angesema nikuchukie," Précieuse alisema mwishowe. "Mais hayuko hapa wa kuniambia, na miye nimechoka kufula soksi mu karo." Akaweka mkono wake mzima kwenye gia. "Leo hii naishika miye. Weye ulishe."

Kasoki alizitazama rola. Alikuwa amesimama mbele yake mara nyingi, lakini hakuwahi kuziona zilivyo: nyeusi, zinang'aa kwa maji, zimegusana bila upenyo, zinazunguka zikielekea ndani. Alichota shuka kwenye maji ya moto. Lilikuwa lake na Rigobert, zito, likimvuta mabega. Akalitafuta pembe, akalikunja, akalipeleka. Rola zililikamata pembe kwa nguvu ileile, shuka likakaza, likaanza kwenda, na vidole vyake vikawa vinalisindikiza, karibu, karibu zaidi. Hakumtazama Précieuse. Alijilazimisha asimtazame.

Mara rola zikasimama.

"Kidole, yaya," alisema Précieuse.

Kasoki alitazama. Kidole chake kidogo kilikuwa kimejiingiza chini ya mkunjo wa shuka, bado kidogo tu kifike kwenye mpira. Akakitoa, akakipangusa kwenye gauni lake.

"Asante."

"Endelea," alisema Précieuse, akasukuma gia mbele, macho yake hayakutoka kwenye mikono ya Kasoki.

Wakaendelea hivyo, shuka kwa shuka, bila kuimba, mpaka maji yakapoa.